Kufumba na Kufumbua

Maktaba ya Dundee, Desemba, saa tisa na nusu alasiri,
na jua limeshafunga duka.
Zuhena amevua glavu moja tu,
kwa ile nyingine ameshika kipanya.
"Baba, mfanye bibi awe hai."
Bibi yako yu hai, namwambia, yuko Lindi,
saa hizi anagombana na fundi bomba.
"Najua. Lakini humu," anasema, akigonga kioo.

Picha ni mbili, za siku moja,
studio ya Chilumba, shuka jeupe nyuma,
za kuombea viza.
Masharti yalibandikwa ukutani:
macho wazi, mdomo ufungwe, usicheke.
Ya kwanza, Bi Somoe alitii yote.
Ya pili, alipepesa.
"Hii imeharibika," alisema Chilumba, akataka kuitupa.
"Lete hapa," alisema mama, "nimeilipia."

Ile nzuri ilikwenda ubalozini mara mbili,
ikakataliwa mara mbili.
Hawakuona, waliandika, sababu ya kuamini angerudi kwao:
mwanamke mwenye mbuzi kumi na mmoja
na kesi ya mpaka wa shamba!

Basi ile nzuri naifanya tabaka la chini.
Ile mbovu naiweka juu.
Hazilingani. Kati ya picha na picha aliinua kichwa kidogo,
labda aliuliza bei.
Nalififisha tabaka la juu hadi nusu
na mama anakuwa na macho manne,
mawili yananitazama, mawili yamelala,
na vipini viwili puani.
Nasogeza kwa vitufe vya mishale, nukta, nukta tena,
kama seremala anayetafuta tundu la bawaba,
hadi kipini kinakaa juu ya kipini.
"Hapohapo!" Zuhena anapiga kelele,
na mzee wa meza ya magazeti anakohoa.

Kisha kifutio, kile chenye ncha laini.
Nafuta mtandio, paji, shavu, kidevu,
nafuta picha mbovu yote
mpaka nabaki na kile tu kilichoiharibu:
kope mbili,
zinaelea.

Naipa kila fremu robo sekunde.
Mama anapepesa kama aliyepulizwa moshi wa kuni mbichi.
Zuhena anacheka hadi kiti kinalia.
Naipa kila fremu sekunde mbili.
Zuhena hacheki.
Sekunde mbili ni nyingi kwa macho yaliyofumba.
Nabadilisha upesi, wala simwambii kwa nini.

Sekunde tatu wazi.
Sehemu ya kumi ya sekunde, kufumba.

Na hapo, wallahi, huyo.
Hakuna kilichosogea ila kope,
lakini naapa amevuta pumzi, naapa anataka kuuliza
kwa nini mtoto amevaa glavu moja.
Wamesema macho hayana pazia.
Yake nimeyatundikia, jepesi,
linashuka kabla hujaliona.

Programu inauliza: irudie mara ngapi?
Moja. Tatu. Milele.
"Milele," anasema Zuhena,
kama anayechagua ladha ya aiskrimu.

Kilobaiti arobaini na moja, mtu mzima na kipini chake.
Hana begi. Hakuna anayemuuliza atarudi lini.
Eilidh wa maktaba anazima taa, anawasha,
anazima, anawasha: tunafunga.

Jibu linatukuta kituo cha basi, upepo wa mto usoni,
ujumbe wa sauti, na nyuma yake nyundo ya fundi bomba:
"Nimejiona. Mbona mmenifanya nakonyeza watu?
Nani huyo ninayemkonyeza kwenye baridi yote hiyo?
Mkimwona Chilumba mwambieni, nilimwambia nimeilipia."

Kisha kimya, kama sekunde tatu hivi,
tukisikia tu anavyopumua.